Mawe Pande Zote

Tarehe 6 Juni

Kwa mkwe wangu, Bwana Picha,

Dereva wa lori la maji ameniambia kwamba huko mliko mtandao haushiki, na kwamba barua zenu huachwa kwenye kibanda cha walinzi, zimekandamizwa na jiwe zisipeperuke. Hata posta yenu ni jiwe. Basi natumaini hii itakufikia.

Nimesikia umefunga studio. Sikushangaa. Studio yenye kiti kimoja, pazia la bluu na taa inayowaka ikijisikia haina mengi ya kufungwa. Lakini kufunga studio ni jambo moja. Kumchukua mwanangu, mfamasia mwenye koti jeupe na meza yake hospitalini, akaacha kazi ili akakubebee vyuma vya kamera nyikani, hilo ni jambo jingine. Mtoto huyo nilimlea peke yangu nikiwa mwalimu mkuu wa shule ambayo hata mabomba yake yalikuwa yananiogopa. Sikumsomesha ili akaishi kwenye hema akimtazama mwanamume anavyopiga picha mawe.

Hebu nieleze. Mawe hayo yapo hapo tangu dunia iumbwe. Hakuna hata moja lililokuja studio kwako kuomba picha. Sasa ni nani anayezitaka? Ni kazi kweli, au uvivu umeupa jina la heshima?

Na mwanangu hajambo? Anakula? Mwambie mama yake anamuulizia.

Mama mkwe wako.

*

Tarehe 14 Juni

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama nilivyozoea kusimama sebuleni kwako.

Umeuliza kama ni kazi. Ni kazi. Ofisi inayoitunza miamba hii inataka watu wasioweza kufika huku waione wakiwa wamekaa nyumbani: wazee, wagonjwa, na wale ambao muda wao wote unakwisha kwenye kuchunguza ndoa za wengine. Hizi si picha za kutundika ukutani, Mama. Naisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, naizungusha kidogo kidogo, napiga kila upande, juu mpaka utosini mwa anga, chini mpaka kwenye kokoto. Kila picha inaingia kidogo ndani ya jirani yake. Kisha nazishona kwenye kompyuta mpaka zinakuwa kitu kimoja, na anayetazama anakuwa kama mtu aliye ndani ya mpira. Mtazamaji anaburuta kidole tu, dunia inamzunguka. Akitaka kutazama nyuma yake, anatazama. Akibonyeza mshale, anahamia kituo kinachofuata, ni kama ametembea.

Ugumu wa kazi hii sidhani kama unaweza kuonekana na mtu aliyezoea kusahihisha madaftari. Lenzi ikitoka kwenye mhimili wake hata kidogo, mwamba wa karibu unakatika vipande viwili. Wingu likipita katikati ya kazi, nusu ya dunia inakuwa na jua na nusu ina kivuli. Zaidi ya hapo, kamera inayoona pande zote haina nyuma. Kila aliyepo lazima ajifiche.

Vituo tumevipa majina. Kuna Gego, kuna Kabati, na kuna mwamba mmoja mrefu, mwembamba, umesimama peke yake ukiwatazama wenzake kwa juu. Huo tumeuita Mwalimu Mkuu.

Mke wangu hajambo. Anakula vizuri, anakusalimu. Yeye ndiye anayechagua vituo, maana ana jicho. Angekuandikia mwenyewe, ila upepo wa huku umempasua vidole, kalamu inamuuma.

Mkweo.

*

Tarehe 20 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba.

Nakurudishia barua yako pamoja na hii. Makosa nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu. Utaona umeweka mkato mara nyingi mahali palipohitaji nukta. Nadhani ni kwa sababu hujui jambo linaisha wapi, na hilo nililiona zamani, siku ile ulipotoa hotuba harusini.

Huo mwamba mliouita kwa cheo changu umenifurahisha. Angalau huko kuna kimoja kilichosimama wima.

Kazi yenu sasa nimeielewa. Mnajificha nyuma ya mawe ili ionekane kwamba hakukuwa na mtu. Kweli hapo umepata kazi inayolingana na kipaji chako. Wapo watu wanaohangaika maisha yao yote wasigundulike kwamba walikuwepo, na wewe sasa utapewa shukrani kwa hilo.

Maskini vidole vya mwanangu! Na lile jino la nyuma lililokuwa linamsumbua, bado linamuuma? Mwambie asitafune upande ule. Niambie pia kama anavaa kofia, kama analala, na kama anacheka. Nieleze kila kitu, mkwe wangu, usifupishe. Wadogo zangu wawili wamekuja kukaa kwangu, nao wanapenda sana kusikia habari zenu.

Mama mkwe wako.

*

Tarehe 28 Juni

Mama,

Shikamoo, na mama wadogo wote wawili shikamooni.

Ahsante kwa masahihisho. Nimeyapokea na nimeyatumia. Huku karatasi ya kuwashia moto ni adimu.

Jino limetulia kabisa. Juzi alitafuna karanga upande huohuo, nikamkumbusha maneno yako, akasema, "Mwambie Mama nimekua." Kofia anavaa, ile ya ukili yenye ukingo mpana. Analala fofofo.

Umesema nisifupishe. Basi nikusimulie ya jana. Kabati ni mwamba wenye pande zilizonyooka kama umepigwa randa, na juu yake kuna bapa pana. Mimi nilishaukatia tamaa. Nikasema tupige tokea chini, inatosha. Mwanao akanitazama kama ninavyotazamwa nyumbani kwako, akavua viatu, akaingiza vidole kwenye ufa, akaanza kupanda. Mimi huku chini nimeshika kichwa. Alipofika juu hakushangilia. Alizunguka polepole, mikono kiunoni, kisha akaita, "Leta kamera! Toka hapa unaona mpaka dunia inapojikunja!" Nikamfungia kamera kwenye kamba, akaivuta mwenyewe. Tukapiga kituo kizuri kuliko vyote. Akakaa ukingoni akining'iniza miguu, akanicheka namna nilivyopanda, maana mimi nilipanda kwa tumbo.

Nakwambia haya ili ujue kwamba mwanamke uliyemlea ili akae nyuma ya dirisha la dawa ana mengi zaidi ya hapo, na kwamba mimi ndiye niliyeyaona. Wewe ulimwona akikua chini ya paa lako miaka yote hiyo. Ulikuwa unatazama wapi?

Anakusalimu sana.

Mkweo.

*

Tarehe 4 Julai

Mkwe wangu,

Marahaba.

Mwanangu yuko hapa.

Alishuka mlangoni kwangu kabla sijakuandikia hata ile barua ya kwanza, uso umebabuka kwa jua, begi moja mkononi. Dereva anayebeba barua zako ndiye aliyembeba na yeye kutoka huko. Nilimwomba anyamaze, akanyamaza, maana nilimfundisha darasa la pili na bado ananiogopa. Jino unalosema limetulia, ni kweli limetulia: daktari wa meno wa hapa mtaani alilitoa, mkono wa mwanangu ukiwa ndani ya mkono wangu. Alipokuwa akitafuna karanga zako alikuwa amelala chumba cha pili, shavu limevimba, anakunywa uji kwa kijiko kidogo.

Barua zako nilizisoma kwa sauti sebuleni. Wadogo zangu walikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye kochi. Nilipofika pale anapovua viatu, mdogo wangu wa mwisho alimwaga chai. "Anapanda huyu? Huyu anayeogopa ngazi ya kubadilishia balbu?" Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Na yeye alicheka, usidhani hakucheka.

Mimi sikukudanganya hata neno moja, pitia tena barua zangu. Niliuliza tu. Mengine yote uliyafanya mwenyewe, kwa mwandiko wako, na mikato yako mingi.

Umeniuliza nilikuwa natazama wapi. Nilikuwa natazama mlangoni, nikijua atarudi. Amerudi.

Mama mkwe wako.

*

Tarehe 12 Julai

Mke wangu,

Barua hii itapita mikononi mwa mama yako, naye ataifungua. Shikamoo Mama. Ukimaliza, mpe mwenyewe.

Uliniambia unakwenda kwa rafiki yako muuguzi, upumzike kidogo. Kumbe hukwenda. Kwa hiyo mwongo nisiwe mimi peke yangu. Ulikaa kwenye kochi, ukasikiliza nikigeuzwa kichekesho cha chai ya jioni, na ukacheka. Sawa. Hata ningekuwa mimi labda ningecheka.

Ningemwambia nini mama yako? Kwamba ameshinda? Angeipeleka habari hiyo sokoni kabla wino haujakauka. Unajua anavyosema jina langu, hata hasemi jina, anasema "yule wako." Nilipoandika kwamba uko hapa, nilikuwa naulinda mlango asiingie na kiti chake akakaa katikati ya maisha yetu. Nimechelewa kujua kwamba kiti kilikuwa ndani siku nyingi.

Kuhusu yale mengine, unaijua kazi. Kamera inaona pande zote. Nilipokuwa nasema toka, nilisema kwa sababu mkono wako ulikuwa ndani ya picha. Ungekuwa mkono wa rais ningesema vilevile. Ulikasirika kama mtu aliyetukanwa, na mimi sikuona tusi liko wapi. Mpaka leo natafuta.

Nimebakiwa na vituo vya upande wa magharibi. Kazi inaendelea vizuri. Inakwenda haraka zaidi, kusema kweli, kwa kuwa sina wa kumwambia atoke.

Mumeo.

*

Tarehe 25 Julai

Mama, na wewe mume wangu,

Nimeandika barua moja nikaitoa nakala, kila mmoja apate yake, kwa sababu sioni tena haja ya kuwatenganisha. Mmekuwa kitu kimoja. Mnafanana mpaka mnavyochovya maneno kwenye sumu na kuyapangusa kwa shikamoo.

Naanza na mume wangu. "Toka. Rudi. Sogea. Bado naona kivuli chako." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu huko. Asubuhi hayo, mchana hayo. Siku ile nyuma ya Gego nilikaa nimekumbatia begi la lenzi, jua limenisimamia utosini, kwa sababu ulikuwa unangoja wingu lipite. Nikakuita, nikakwambia nasikia kizunguzungu. Ukanijibu, "Kidogo tu, nusu nimeshaimaliza." Nikatapika kimyakimya, nisije nikakuharibia picha, kana kwamba picha ina masikio. Ulipoita "Tayari!" nikatoka, ukaniuliza kama begi liko salama.

Ulipiga picha dunia nzima pale, juu na chini, mbele na nyuma, na kazi yako kubwa ilikuwa kuhakikisha mimi simo.

Halafu ukaniweka kwenye barua. Kwenye barua napanda Kabati pekupeku. Nachagua vituo. Naning'iniza miguu. Ilipofika barua hiyo nilicheka na wenzangu, kisha nikaichukua nikaisoma tena jikoni, na nikatamani kumjua mwanamke yule. Mimi siye. Mimi hukuniuliza hata mara moja kamera ikae wapi. Na nilikuwa na maoni, bwana! Gego umeipiga upande wake mbaya. Ungeshuka kwenye korongo, ukaisimamisha kamera pale penye mchanga mwekundu, ungepata mizizi yake yote miwili na ule mwanya katikati. Nilikuwa naliona hilo kila siku nikiwa nimejificha. Muda wa kunitungia hadithi uliupata. Muda wa kumuuliza dereva kama nilifika salama hukuupata.

Sasa wewe, Mama. Mimi nilikuja kwako kulala. Nilitaka kulala tu, niamke, nile, nilale tena. Hukuniuliza kilichonisibu. Uliniuliza, "Nilikwambiaje?" Ulikuwa umesimama mlangoni, begi langu hujalipokea, tayari umeanza kushangilia. Kisha ukanikalisha kwenye kochi kama kikombe cha ushindi, wageni waje wakione. Kwa daktari wa meno ulinishika mkono, ni kweli, na muda wote ulionishika ulikuwa unamsimulia daktari vituko vya mkweo. Mimi nilikuwa nimeachama, chuma mdomoni, siwezi kukwambia unyamaze.

Nililia chumbani siku ile ya kumwaga chai. Ukagonga mlango ukasema, "Njoo, tunajibu barua!"

Basi jibuni. Nimepata kazi kwenye duka la dawa, katika mji ambao hakuna kati yenu aliyewahi kuutaja. Nina chumba chenye dirisha moja na jirani anayefuga kasuku mkorofi. Watu wananijia na vyeti vya dawa, wananitazama usoni, wananisikiliza ninapowaeleza wanywe vipi. Hakuna anayeniambia nisogee.

Msitafutane ili mnipate, hakuna ajuaye. Nyinyi endeleeni kuandikiana. Mnaandikiana vizuri sana.

Mimi.

*

Tarehe 2 Septemba

Mkwe wangu,

Namba yako ya simu niliifunga mwezi wa saba na sijaona sababu ya kuifungua. Sauti yako siihitaji sikioni. Karatasi inatosha.

Nasikia umemaliza kazi, umerudi mjini kwenu, na picha zimetolewa kila mtu aone. Mdogo wangu alinifungulia kwenye kompyuta yake, akaniachia nikae nazo. Kwenye kituo cha kwanza kuna wingu lililokatwa mkia. Kwenye kile cha bonde, jiwe moja lina kivuli na jirani yake hana, sijui jua lilikuwa na upendeleo gani. Mwamba wa Mwalimu Mkuu umeupiga kutoka chini, kwa hiyo mtu anaona matundu ya pua tu. Naamini ulikusudia.

Nilianza nikitafuta makosa. Baadaye sikuwa natafuta makosa. Nilikuwa kwenye Gego. Nikaburuta kidole kulia, nikaburuta kushoto, nikatazama chini, nikatazama juu. Nikabonyeza kila mshale uliopo. Mmoja unanisogeza mbele ya mwamba, mwingine unanipitisha kando. Hakuna unaonipeleka nyuma yake. Nikarudi mwanzo, nikajaribu tena. Mdogo wangu akaja na kikombe, akauliza, "Dada, unatafuta nini muda wote huu?" Nikamwambia nimepoteza miwani. Ilikuwa usoni kwangu. Aliitazama, akaweka kikombe, akaondoka.

Mwanangu hajaandika. Nimekwenda hospitali alikokuwa akifanya kazi, hawana habari. Yule rafiki yake muuguzi amenifungulia mlango nusu, akanijibu kwa adabu, akaufunga. Wadogo zangu wamerudi makwao, na nyumba hii ina vyumba vingi kuliko nilivyokumbuka.

Kama amekuandikia wewe, ambaye hukustahili, nijulishe. Kama hajakuandikia, usijisumbue kunijibu. Nitaelewa, na nitaridhika.

Mama mkwe wako.

*

Tarehe 10 Septemba

Mama,

Shikamoo.

Nimejibu, kwa hiyo umeshaelewa.

Ameniandikia. Alitaka nimpelekee viatu vyake vya kutembelea milimani na lile koti jeupe lililobaki kwenye sanduku langu. Ameniomba anwani yake nisikupe. Nitakuwa mkweli: niliposoma hapo nilifurahi. Nilitoka na furaha hiyo barabarani, nikapita nayo mbele ya studio ya zamani, nikanywa soda nikiwa nayo. Tangu nimuoe mwanao sijawahi kuwa na kitu ambacho wewe unakitaka. Hadi jua linazama furaha yenyewe ilikuwa imeshaisha, nimebaki na bahasha mfukoni, na hakuna mtu wa kuringia ila wewe.

Usidhani nimesamehewa. Barua yenyewe ilikuwa ya nusu ukurasa. Mwishoni aliandika, "Nimeziona picha. Ni nzuri. Ndiyo maana nina hasira." Hakuweka salamu.

Nimefanya jambo moja. Nilirudi kwa yule dereva wako mwoga, nikapanda lori la maji mpaka kule. Nikashuka kwenye korongo, kwenye mchanga mwekundu, nikasimamisha kamera pale alipoelekeza. Mama, mwanao ana jicho. Hilo nililoliandika kwa uongo ni kweli. Mwamba niliouhangaikia majuma mazima kumbe nilikuwa naupiga mgongoni. Nikaongeza na kituo kingine nyuma ya Gego, pale alipokuwa akikaa. Ofisi imeshaviweka vyote viwili, ukifungua utaona mshale mpya. Ni mahali pakavu. Kuna kivuli kidogo upande wa kushoto, hakimtoshi mtu mzima. Nilikaa pale mwenyewe nikakijaribu. Miguu inabaki nje.

Viatu nimevituma. Sijui kama atafungua picha tena, na sitamuuliza.

Anwani sikupi. Usinisihi, na usimtume mdogo wako. Lakini ukiandika barua, ukaitia kwenye bahasha yake ndani ya bahasha ya kwangu, nitaandika anwani juu na kuipeleka posta bila kuifungua. Utaratibu wa kufungua barua za watu ni wa nyumbani kwako, si wa kwangu.

Mkweo.

*

Tarehe 19 Septemba

Mkwe wangu,

Marahaba.

Nimeingia nyuma ya Gego. Umepapiga vizuri, na inaniuma kusema hivyo. Nimetazama chini, nimeona kokoto zilivyo kali, na kile kivuli ulichokisema. Nilikaa hapo kwa muda. Wewe ni mjinga wa kupindukia, na sijui mtu mwenye akili timamu anawezaje kumwacha mtu mahali kama pale kwa ajili ya wingu.

Kochi langu ni kubwa kuliko kivuli kile mara nyingi, na bado aliondoka.

Bahasha ya ndani ni yake. Nimeifunga kwa gundi, na juu ya gundi nikapitisha utepe. Si kwamba sikuamini. Nakujua. Barua yenyewe ni fupi. Kabla ya hiyo nilichana nyingine nyingi, nzuri kuliko hiyo, zenye maneno makali ambayo ungeyafurahia hata wewe. Kila nilipokaa kumuuliza mwanangu hali, kalamu iligeuka yenyewe ikaanza kukusema.

Katika hii hukutajwa mahali popote. Hujui ilivyonitoa jasho.

Ipeleke leo, kabla posta haijafungwa.

Mama mkwe wako.